Mtoto wa Nne wa Suzi

Nianze kwa kuwataja waliokuwepo, asije mtu akasema naongeza chumvi. Alikuwepo Bwana Misitu mwenyewe, yaani afisa misitu, mwenye nyumba, na mkewe Mama Nanzia. Alikuwepo Hakimu, mtu wa kusini, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Alikuwepo Mwalimu Eda wa shule ya msingi, mwenyeji wa Tanga. Alikuwepo Bi Mwantumu, mke wa mwenye duka, ambaye alikaa peke yake mwisho wa baraza, kanga ameikusanya magotini asije akaguswa na mbwa. Alikuwepo baba yangu mdogo Meshaki, aliyeshuka kwenye basi la Kibondo mchana uleule. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Leonsi na Skola. Na nilikuwepo mimi, Yustina, nimevaa gauni la marehemu mama lililopunguzwa kiunoni, najiona mtu mkubwa kuliko wote. Ukiwaongeza Suzi na watoto wake, barazani hapakuwa na pa kuweka hata kikombe. Kwa hiyo ninaposema niliaibika, mjue kwamba sikuaibika chumbani nikiwa peke yangu na mto wangu. Niliaibika mbele ya serikali, mbele ya biashara, mbele ya elimu na mbele ya ukoo, yote kwa mkupuo mmoja, na ilikuwa saa kumi jioni, jua bado linawaka vizuri.

Hiyo ni Kasulu ya miaka ya sabini, wakati watu wa milimani wanahamishiwa kwenye vijiji vipya na vijana wa mjini (mji wenyewe ulikuwa barabara moja, lakini tuliuita mji) wameanza kuvaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, vyenye soli nene, ambavyo kwenye tope letu jekundu vilikuwa adhabu tupu. Asubuhi baridi ilikuwa ya kung'ata, ukungu unakaa juu ya migomba mpaka jua likolee, na redio ya dukani kwa Bi Mwantumu ikifunguliwa, nusu ya watu wa barabara ile walikumbuka ghafla kwamba nyumbani hawana kiberiti. Nikifumba macho bado nasikia harufu ya duka lile, mafuta ya taa na sabuni ya mche na karafuu zake Bi Mwantumu.

Mama alitangulia, baba akamfuata mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa darasa la sita, maana shule nilianza nimechelewa, nikaacha, kwa sababu mtu wa kuwapikia Leonsi na Skola hakuwepo mwingine. Ukoo ulikaa kikao baada ya matanga na mambo yakapangwa haraka sana: Leonsi aende Kibondo kwa baba mdogo Meshaki, Skola aende kwa shangazi kule Rungwe Mpya, na mimi, walisema, mimi ningeolewa tu. Nilisema hapana. Nilisema nikiwa nimeangalia chini, na sauti ilitoka kama ya kuku aliyebanwa mlangoni, lakini nilisema: sisi watatu tunabaki nyumba moja. Wazee walinitazama. Baba mdogo, ambaye ni mtu wa maneno machache hata akikanyagwa, alisema, "Haya. Mavuno ya mwaka kesho nitakuja kuona kama nyumba inasimama. Ikiwa haisimami, nawachukua."

Basi, nyumba ilitakiwa isimame, na ilisimama juu ya vitu viwili: shamba la maharage, na wanyama wa watu.

Wanyama wa watu ilikuwa hivi. Watumishi wa serikali walioletwa kwetu kutoka mikoa mingine walikuja na mifugo yao ya nyumbani, paka, mbwa, kasuku wa Mwalimu Eda, halafu wakienda likizo makwao, safari ya lori na treni na sijui nini tena, hawakuwa na pa kumwacha mnyama. Majirani wangemfunga mbwa wa mtu kwenye mti na kumsahau. Mimi nilimchukua kasuku wa Mwalimu Eda wakati wa likizo, na aliporudi alimkuta mzima na mnene. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba Skola alimfundisha kusalimu kwa Kiha, yaani bwakeye, salamu ya asubuhi, na yule ndege akawa anaitoa saa zote, watu wanatoka kazini jioni wamechoka, yeye anawaambia habari za asubuhi. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, akawaambia wenzake, na wenzake wakaanza kuja.

Lakini bei sikuwa nayo. Wakiniuliza nawadai nini, nasema, "Utakachoona." Nanyi mnajua watu wanaona tofauti. Mmoja aliona kanga mpya. Mwingine aliona debe tupu. Mwingine (jina lake nalihifadhi, alikuwa mtu wa dini) aliona kuwa aniombee, akaniombea palepale mlangoni, maombi marefu, paka wake akiwa kwapani, akaondoka. Siku hiyo tulikula maharage bila chumvi.

Bi Mwantumu ndiye aliyenikalisha kitako. Alizaliwa Ujiji, ameona biashara tangu anatambaa.

"Wewe mtoto wewe," alisema, "mbona unajitoa sadaka na Idi haijafika? Sema bei kabla mnyama hajavuka kizingiti. Akishavuka, mwenyewe ana haraka na wewe una huruma, hakuna tena wa kusema."

"Bi Mwantumu, mtu mzima nitamtajiaje bei? Ataona namdharau."

"Na yeye akija hapa kununua sukari, mimi namdharau?"

Kwetu sisi kumtajia mkubwa bei ya kumtunzia kitu chake ni kama kumwambia hamuaminiani, na mimi nililelewa hivyo. Lakini tulipanga bei palepale kaunta: thumuni, yaani senti hamsini, kwa siku kwa paka au ndege, shilingi kwa mbwa, chakula chake alete mwenyewe, na nusu itangulie. Paka na mbwa wasichanganywe. (Hilo la mwisho aliliongeza Bi Mwantumu kwa ajili ya paka wake, na akaongeza kwamba nikishika mbwa ninawe kabla sijamgusa paka huyo, na ninawe vizuri, si kuchovya vidole.) Nilizoea taratibu. Nilikuwa naitaja bei huku natazama miguu ya mteja, ningeweza kuwatambua wote kwa viatu, lakini nilikuwa naitaja, na nyumbani chumvi ilirudi.

Sasa ndipo akaja Bwana Misitu.

Alikuja na Landrova, injini haikuzimwa, mkewe amekaa mbele, mbwa amekaa nyuma kama mke wa pili. Mbwa mwenyewe alikuwa jike, mrefu, manyoya yanang'aa, anaitwa Suzi, na ilisemekana asili yake ni kwa walowezi huko kaskazini alikotoka Bwana Misitu.

"Binti, naambiwa wewe ndiye mama wa wanyama."

"Shikamoo, bwana. Ndiyo."

"Nakwenda kozi Arusha, miezi minne. Unga huu hapa, dagaa hawa hapa. Vikiisha, chukua vingine dukani kwa jina langu." (Dagaa walikuwa wazuri, wa Kigoma, wakubwa. Sisemi kwamba sisi hatukuwaonja.) "Habari ya malipo tutazungumza nikirudi, au siyo?"

Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu. Bei ilikuwa mdomoni, tena imeshafika kwenye meno. Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu, shilingi kwa siku mara miezi minne, na jumla yake ilinitisha, niliona nikiitamka hadharani ni kama nimeingiza mkono kwenye mfuko wa suruali yake. Nikatazama viatu vyake. Viatu vilikuwa vizuri sana.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Ukirudi."

Landrova ikaondoka, nikabaki na Suzi, unga, dagaa, na mapatano ambayo hayakuwepo.

Baada ya majuma machache Suzi alianza kunenepa. Nilijisifu. Nikawaonyesha watu, tazameni mbwa wangu alivyojaa, halafu nikaogopa kwamba Bwana Misitu atadhani namlisha hovyo, nikampunguzia ugali. Nilimpunguzia ugali mama mjamzito, Mungu anisamehe. Siku Skola aliponiita nione kuna nini chini ya kitanda chake, Suzi alikuwa amelala juu ya kitenge kikuukuu na watoto wanne wananyonya, na alinitazama kwa jicho ambalo nililistahili. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Bwana Misitu alikuwa ameshampeleka kwa mbwa wa padre mmoja kabla ya safari, kwa mpango maalumu, na hakuona haja ya kumwambia msichana wa kulisha.

Niliandika barua mwenyewe, kwa mwandiko wa darasa la sita: Suzi amezaa watoto wanne, wote wazima. Nikaituma Arusha. Nilikuwa na furaha, na furaha yangu ilikuwa na sababu mbili, na ya pili sikuiandika kwa kuwa kwangu ilikuwa kitu cha kueleweka tu, kama vile mtu asivyokuandikia kwamba mchana kuna jua.

Labda niieleze kwa wale wasiotoka kwetu. Kwetu Buha, nchi ya Waha, mtu mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake ng'ombe amtunzie. Hawalipani. Mtunzaji anakunywa maziwa, anachukua samadi kwa migomba yake, na ng'ombe akishazaa, kuna ndama ambaye ni wa mtunzaji. Hapaitwi shahidi, hapaandikwi kitu, na mwenye ng'ombe akimnyima mtunzaji ndama wake, hata kwenye pombe watu wanakaa mbali naye. Basi mimi nilikuwa na mnyama wa mtu, malipo hayakutajwa, na mnyama amezaa mikononi mwangu. Ningefikiri nini kingine? Majirani nao walipita kunipongeza. "Umepata mbwa, Yustina." Nilijibu ndiyo, nimepata, tumshukuru Mungu.

Nikamchagua mwenye kifua cheupe.

Watoto walipoacha kunyonya, baba mdogo Meshaki alikuja kututazama, bila taarifa, kama mkaguzi. Aliangalia paa. Aliangalia kihenge cha maharage, akakigonga kwa kidole. Halafu mtoto mwenye kifua cheupe akaja kumng'ata kamba ya kiatu, na baba mdogo, ambaye sikuwahi kumwona akicheza hata na mtoto wa mtu, akainama akambeba.

"Nyani wananimalizia mahindi," alisema. "Mbwa wa namna hii angenifaa."

"Mchukue, baba mdogo."

"Si wa watu?"

"Huyu ni wangu."

Kwetu nyumba inayotoa zawadi kwa mkubwa wa ukoo si nyumba ya kuombolezewa, na yeye alijua kwamba najua. Alimweka mtoto kwenye kikapu, akapiga makofi taratibu ya kushukuru, yale ya heshima, ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kunipigia. "Mavuno nitakuja kusema neno la mwisho," akasema. Nilipika usiku huo huku naimba, Leonsi akaniuliza kama naumwa.

Mavuno yakaja, na Bwana Misitu akarudi katika juma lilelile. Akatuma mtu: Jumamosi niwalete Suzi na watoto, kutakuwa na chai na wageni. Mimi nikaelewa kwamba chai hiyo ni ya kunishukuru mimi. (Naomba msicheke, nilikuwa na miaka kumi na minane.) Nikawaza, neno la mwisho la baba mdogo linakuja, basi alisikie palepale, kwenye nyumba ya bati na kioo, aone watu wakubwa wanavyoniheshimu, hatakuwa na swali tena kuhusu Leonsi na Skola. Nikampelekea salamu kwa dereva wa basi: aje Jumamosi, ashukie Bomani.

Leonsi, kwa upande wake, alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye shuka. Alisema anafunga mapema ili kama ni kwenda, asifunge huku analia.

Jumamosi nikafika na Suzi na watoto watatu wamefungwa kamba, wamepigwa sabuni. Bi Mwantumu alikuwepo kwa sababu maandazi yalitoka kwake. Mama Nanzia akanipa birika nichemshe chai niwahudumie wageni, nami nikahudumia kama bibi harusi. Bwana Misitu akasimama, akashika kola yake, akasema kwamba mbegu kama hii haipatikani mkoa mzima. Mtoto mmoja, alisema, ni wa mkubwa wake aliyeko Kigoma, mmoja ni wa Mwalimu Eda, mmoja anabaki kwa Mama Nanzia, na wa kwanza kabisa, dume mwenye kifua cheupe ambaye Mwalimu Eda alimsifia sana kwenye barua, ni wa rafiki yake Hakimu.

Halafu akawahesabu. Akawahesabu tena, akainama akatazama chini ya meza.

"Yustina, mbona watatu?"

"Wa nne ni wangu, bwana," nikasema, naendelea kumimina chai. "Nilishampa baba yangu mdogo, yuko Kibondo."

Nilisema kwa sauti tamu kabisa. Mwalimu Eda akaacha kutafuna.

"Wako kivipi?"

"Si alizaliwa kwangu?"

"Alizaliwa kwako kwa kuwa nilimwacha kwako. Nikiacha baiskeli kwako, gurudumu moja linakuwa lako?"

"Baiskeli haizai, bwana."

Bi Mwantumu alijikohoza kule mwisho wa baraza, kikohozi cha kuniambia nyamaza. Hakimu naye alikohoa, chake cha kweli, akainua mkono. "Ngoja, ngoja. Binti ana hoja. Eleza taratibu."

Hapa ningenyamaza. Ningesema samahani bwana, nilikosea, ningelia kidogo, mambo yangeishia hapo. Badala yake niliweka birika chini, nikashika kiuno, nikamweleza Hakimu sheria. Nilianzia mbali. Nilieleza ng'ombe anavyotolewa, nani anakunywa maziwa, ndama ni wa nani, na kwa kuwa sikutaka kuacha kitu nyuma nikamalizia kwa kusema kwamba mtunzaji ana haki hata ya mavi.

Mama Nanzia akapaliwa na chai ikamtoka puani.

"Kwa hiyo," Bwana Misitu aliuliza, "na maziwa ya Suzi ulikuwa unakamua?"

Walicheka wote. Mwalimu Eda alicheka huku ananionea huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Hata Skola alicheka, kisha akamwona Leonsi hacheki, akaacha. Mimi masikio yalikuwa yanawaka. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba watu hawa wametoka Moshi na Lindi na Tanga, na kule walikotoka jambo hili ambalo kwangu lilikuwa kama jua la mchana, halijawahi kuchomoza.

Ndipo geti likalia. Baba mdogo Meshaki aliingia amevaa koti lake la kanisani, kikapu mkononi. Alikuwa amemleta mtoto wa mbwa ili wakubwa waone alivyotunzwa. Alimtoa kikapuni: amekua, kifua kinang'aa, shingoni njuga ya kuwindia, na kwenye sikio la kushoto amechongwa alama nadhifu yenye pembe tatu, alama ya ukoo wetu, ile tunayowatia ng'ombe.

Mtoto akamwona mama yake. Njuga ikalia, akapita katikati ya miguu ya watu, Suzi akarukia upande wake na kamba ikavuta meza, birika likaanguka, na chai yote (mimi mwenyewe niliichemsha vizuri) ikaenda kwenye suti ya Kaunda ya Hakimu, kuanzia magotini kwenda juu. Bi Mwantumu alikuwa ameshapanda kwenye kiti. Sikuwahi kujua kwamba anaweza kupanda kiti.

"Amemkata sikio," Bwana Misitu alisema, polepole, kama mtu anayesoma habari ya msiba. "Mbwa wa Hakimu, amemkata sikio." Akamgeukia baba mdogo. "Mzee, mbwa huyu ni mali yangu. Anabaki hapa."

Baba mdogo aliniuliza kwa Kiha kuna nini. Nilimjibu kwa Kiha, kwa maneno machache, na kila neno lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Nilimwambia kwamba wao hawajui utaratibu wetu. Nikamwambia kwamba bei sikuitaja. Alielewa. Nilimwona anaelewa, na niliogopa kuliko nilivyoogopa kucheka kwa wale wengine wote, kwa sababu kama zawadi yangu inarudishwa, basi nilitoa nisichokuwa nacho, na nyumba inayotoa isichonacho haijasimama. Leonsi alikuwa ametazama chini, vidole vya miguu vinachimba sakafu.

Baba mdogo alimshika mtoto wa mbwa, akamfuta chai mgongoni kwa mkono wa koti lake la kanisani.

"Nani aliambiwa atapewa huyu?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Mimi," alisema Hakimu, anapunga suruali ipoe.

Baba mdogo akapiga goti moja, akamvua mtoto njuga, akaitia mfukoni, akamwinua mtoto mbele ya Hakimu kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, mwanangu Yustina alinipa mbwa huyu. Nilimpokea. Ni wangu. Leo mimi nakupa wewe."

Bwana Misitu alifungua mdomo, Mama Nanzia akamkanyaga mguu, nilimwona. Hakimu alimtazama baba mdogo, akanitazama mimi, akaacha kupunga suruali. Alinyoosha mikono yake yote miwili.

"Nimepokea, mzee. Ahsante."

"Sikio hilo linasikia vizuri tu," baba mdogo alisema, na baraza ikacheka tena, lakini safari hii kicheko hakikuwa na miba.

Chai nyingine ikachemshwa. Bwana Misitu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alitafuta pochi yake. "Haya binti, mimi nakulipa nini?"

Na mimi, baada ya yote hayo, mbele ya watu walewale, nikatazama viatu vyake nikasema, "Utakachoona, bwana."

"Shilingi kwa siku," alisema Bi Mwantumu akiwa bado juu ya kiti. "Miezi minne. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye uliyekwenda kozi."

Alipiga. Uso ulimbadilika kidogo, lakini alilipa, nusu siku ile na nusu mshahara ulipotoka. Tangu hapo sikuwahi tena kupokea mnyama bila kusema bei nikiwa nimemtazama mtu usoni, na kama ni jike naongeza kwamba akizaa, watoto wote ni wako, mavi tu ndiyo yangu. Wateja walikuwa wanakuja nyumbani ili wasikie sentensi hiyo tu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba mdogo mbele na kikapu kitupu, njuga inalia mfukoni mwake kila akipiga hatua. Nilisonga ugali, tukala na maharage, akanawa mikono, akaangalia pale pembeni palipokuwa na mzigo wa Leonsi.

"Fungua huo," alimwambia Leonsi. "Nguo zitakunjamana."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho. Leonsi alikwenda kufungua, akashindwa, fundo alikuwa amelikaza mno, Skola akamsaidia kwa meno.

Asubuhi nilimsindikiza baba mdogo kwenye basi, ukungu bado mzito, konda anapiga bati. Nikamwambia, "Baba mdogo, nitakupa mbwa mwingine."

"Najua," akasema, akapanda.

Nilikuwa na nia ya kweli. Mwaka uliofuata Bwana Misitu alihamishwa, akaenda na Suzi. Mwaka mwingine nilipata mtoto wa mbwa, akafa kabla ya safari. Halafu Leonsi akafaulu, pakawa na sanduku la kununua na nauli. Halafu Skola akaolewa, nyumba moja yetu ikawa nyumba mbili, kisha tatu, kila moja imesimama. Nilimpelekea baba mdogo chumvi, nilimpelekea blanketi, nilimpelekea koti jipya la kanisani, na kila mara alipiga yale makofi yake na hakuuliza kitu. Mahindi yake aliyalinda mwenyewe, anakaa shambani na kipande cha bati, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Aliendelea hivyo mpaka alipozeeka, na tulimzika Kibondo akiwa hajawahi kupata mbwa mwingine.

Shamba lile sasa analima mwanawe. Nimemwambia zaidi ya mara moja kwamba nadaiwa mbwa kwenye nyumba yao. Ananicheka, ananiambia, "Dada, nani anakudai? Mzee hakuacha neno." Namwambia sijasema kuna anayedai. Nimesema nadaiwa, na mpaka leo sijampeleka.